Mwanamke Chini ya Paa

Karatasi ya kwanza aliyoileta Arwa kutoka darasa la Kijapani ilikuwa na safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa na herufi zenyewe, zile wanazoziita kanji, nyeusi, zimejaa vijiti kama viota vya kunguru. Safu ya pili ilikuwa na matamshi, yameandikwa kwa herufi zetu hizi za kawaida. Ya tatu ilikuwa na maana kwa Kiswahili. Zahor, baba yake, aliisoma kuanzia juu mpaka chini, miwani imemshuka puani, kisha akachukua mkasi wa dukani, ule wa kukatia msasa, akaiondoa safu ya katikati yote. Vipande viwili vilivyobaki akaviunganisha kwa gundi.

"Baba!" Arwa alisema. "Hayo ndiyo matamshi."

"Najua ni matamshi. Kasuku naye anayo."

Zahor alikuwa na duka la misumari, bawaba, vitasa na rangi pale Buguruni. Alilirithi kwa baba yake, naye baba yake alilirithi kwa babu aliyekuja kutoka Maskati. Enzi za babu mtu alisubiri zamu yake mlangoni. Siku hizi mteja huingia, huuliza bei, huitikia kwa kichwa, kisha huenda kununua kwingine. Arwa, binti wa pekee wa Zahor, alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ile tangu aliporudi kutoka ndoa yake ya Morogoro, bila mtoto na bila maneno mengi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa alipopata habari za wakala mmoja wa Chang'ombe aliyekuwa akipeleka vijana Japani kutunza wazee. Wakala hakumchukua aliyetimiza thelathini, na usaili ulikuwa mmoja kwa mwaka. Kwa Arwa, mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtu mwembamba tu, na ulikuwa unajifunga.

"Nikikosa hii, Baba," alimwambia, "mie na kaunta hii mpaka tuzikwe pamoja."

Zahor hakukasirika. Naye aliona hivyo hivyo. Ndiyo sababu aliamua kumfundisha yeye mwenyewe, jioni, mbali na yale ya darasani.

Chuki yake kwa ukasuku ilikuwa na mzizi. Utotoni, kwenye chuo cha Kurani, alihifadhi juzuu nzima kwa sauti nzuri hata wazee wakawa wanamwita asome kwenye hitima. Alisoma, watu wakafuta machozi, naye hakujua hata neno moja linasema nini. Alikuja kuwa mtu mzima, muuza misumari mchana na mwanafunzi wa elimu ya watu wazima jioni, ndipo alipokaa na tafsiri akayaelewa aliyokuwa akiyatamka miaka yote. Siku hiyo alilia.

"Nilikuwa bomba," alipenda kusema. "Maji yalipita ndani yangu yakanywesha watu, mwenyewe nikabaki na kiu."

Akaapa kwamba mtoto wake hatakuwa bomba. Maana kwanza. Sauti itafuata yenyewe, kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Basi wakaanza. Kila siku baada ya sala ya Magharibi, duka likiwa limefungwa, baba na binti walikaa kwenye mkeka barazani, karatasi katikati yao. Zahor aligundua mapema kwamba vijiti vile havikutupwa ovyo. Vilikuwa vipande, na kila kipande kilikuwa kitu. Hiki mtu, hiki mti. Mtu akiegemea mti, herufi nzima ni kupumzika.

"Nani huyu anayeegemea?" Zahor aliuliza.

"Albano," Arwa alijibu bila kufikiri.

Wakacheka wote wawili. Albano alikuwa mlinzi wa ghala la jirani, na hakuna aliyewahi kumwona amesimama bila kuuegemea mwarobaini wa pale getini.

Hiyo ikawa ndiyo njia yao. Kila herufi ilipewa mkazi wa mtaani na kisa chake. Mti uliozungushiwa ukuta pande zote ni shida: huo ukawa mpapai wa Mwamvita, jirani yao, ambao mtu alijenga ukuta akaufungia kwake, kesi ikafika serikali ya mtaa. Sikio katikati ya lango ni kusikia: huyo akawa Mwamvita mwenyewe.

"Punguzeni sauti," Wahiba, mke wa Zahor, alisema akipita na birika. "Yupo hapo nje anawasikia."

"Ndiyo herufi yenyewe hiyo, Mama!"

Herufi ya nyumba ilileta ugomvi. Ilikuwa paa, na chini ya paa nguruwe.

"Mbuzi," Zahor alisema.

"Mwalimu kasema nguruwe, Baba."

"Mwalimu wako Mchaga, ulitaka aseme nini? Chini ya paa langu ni mbuzi."

"Mbuzi na kondoo wana herufi yao nyingine."

"Basi huyu ni mbuzi mnene. Tuendelee."

Nyingine ilikuwa paa pia, lakini chini yake amekaa mwanamke. Maana yake, salama.

"Umeona?" Zahor alisema. "Mwanamke akiwa ndani, mambo shwari."

"Shwari kwa nani?"

"Kwa nyumba nzima."

"Na huyo mwanamke aliulizwa?"

Kicheko cha Wahiba kilitoka jikoni. "Muulize tena, mwanangu! Mie huu mwaka wa arobaini niko chini ya paa, nasubiri kuulizwa."

Zahor alikuna ndevu. Alipomuuliza Arwa mwanamke yule awe nani, Arwa alijibu kwamba ni yeye, amekaa chini ya mabati ya duka anasubiri mteja. Hakuisahau tena herufi ile. Wala hakusahau nyingine yoyote. Alikuwa na kichwa chepesi kushika kuliko alivyodhani baba yake, na miezi ilipopita mtaa mzima ulihamia karatasini: wauza mihogo, mafundi baiskeli, imamu, mgambo, mbwa wa Albano. Zahor alimwangalia binti yake akicheka kwa mara ya kwanza tangu Morogoro, akajiona ni baba. Zilikuwa siku njema, na huo ndio ubaya wake, maana hakuna aliyetaka kuzivuruga kwa kuuliza maswali.

Aliyeuliza alikuwa mwalimu. Brightson alikuwa amekaa Japani miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na wakala, na adhuhuri moja alipita dukani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Asante, sikai. Nimekuja kuomba. Binti yako maana anazijua, pengine kunishinda hata mie niliyeishi kule. Lakini hasomi, mzee. Ukimwonyesha neno anakupa kisa. Kuongea anaongea vizuri tu, ila herufi zikija mbele yake, sauti hana. Mwache akariri matamshi, japo kikasuku. Usaili umekaribia."

"Mwalimu, hebu niambie. Wewe ukijenga nyumba, unaanza na rangi?"

"Siyo rangi hiyo, mzee. Ni mlango. Nyumba gani isiyo na mlango?"

Zahor alilipenda jibu lile, kwa sababu alipenda kila jibu zuri. Akampa mwalimu soda, akamsindikiza mpaka barabarani, na jioni yake akakata safu ya matamshi kwenye karatasi mpya kama kawaida.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Alikuwa ameshamwona Bupe. Bupe alikuwa mwenzake Arwa darasani, msichana wa Tukuyu aliyepanga chumba Temeke na kuimba kwaya, na alikariri matamshi kama anavyokariri sauti ya pili ya wimbo: akiosha vyombo, akisuka, akisubiri chenji. Alipokuja kumtembelea Arwa, Zahor alimwekea herufi mbele yake, makusudi.

"Hii vipi, binti yangu?"

Bupe akaitamka papo hapo.

"Sawa. Na maana yake?"

"Aa, mzee, hiyo hapo umenikamata. Mie naita tu. Ikiitika, ndo hiyo hiyo."

Zahor alicheka mpaka akakohoa. "Arwa! Umeniletea redio nyumbani!"

"Redio si inasikika lakini, mzee?" Bupe akasema, naye akicheka, akaendelea kula kaimati.

Arwa hakucheka. Siku chache baadaye alimuuliza baba yake, kama mtu anayeuliza jambo dogo, vile vipande alivyovikata alikuwa anaviweka wapi.

"Nawashia mkaa," Zahor alisema.

Arwa akaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo Zahor alianza kumsikia chumbani mwake alfajiri, akinong'ona, akinyamaza, akirudia. Alijua anafanya nini. Angeweza kubisha mlango amwambie, vizuri mwanangu, ongeza sauti. Lakini kubisha kungekuwa kukiri, naye alikuwa na miaka sitini na tisa na hakuwa na mazoea hayo. Akajiambia kwamba mkia umeanza kumfuata ng'ombe.

Siku ya usaili Zahor alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono, akamsindikiza Arwa. Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya madirisha ya alumini, na kati ya chumba cha kusubiri na chumba cha usaili palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, kwa hiyo kila aliyesubiri alimsikia aliyeingia. Msaili alikuwa bibi wa Kijapani, mwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Brightson alikuwa mkalimani wake.

Bupe aliitwa kabla ya Arwa. Mazungumzo ya Kijapani yalikwenda, kisha Brightson akasikika akisema kwa Kiswahili, ili pasiwe na kosa:

"Hizi ni kadi za vitandani. Majina ya wazee. Chukulia ni asubuhi, umeingia zamu. Waamshe."

Sauti ya Bupe ikapanda, ikataja jina na salamu ya asubuhi, laini, kama anamwita bibi yake aliyelala kivulini. "Kobayashi-san. Kobayashi-san, ohayō gozaimasu." Bibi yule akaitika kwa sauti ya usingizi, kama ndiye aliyeamshwa, na watu watatu wakacheka mle ndani.

Redio, Zahor alisema moyoni. Lakini alisogeza kiti karibu na ukuta.

Arwa akaingia. Alisalimia vizuri, Zahor akasikia. Alieleza alikotoka na kwa nini anataka kazi ile, na bibi akawa anasema "hai, hai", yaani ndiyo, kwa kuridhika. Kisha kadi zikawekwa mezani, kadi nyingine, si zile za Bupe. Zahor alisikia zinavyogusa mbao. Chini, karakanani, msumeno ulianza kukata alumini, ukanyamaza. 

Zahor akasogeza kichwa mpaka sikio likagusa plaiwudi.

"Mwanamke chini ya paa," Arwa alisema hatimaye, kwa Kiswahili, polepole. "Halafu shamba. Salama na shamba."

"Ndiyo," sauti ya Brightson ilisema. "Maana umepata. Sasa mwite."

"Hii nyingine ni miti mitatu. Miti miwili chini, mmoja juu. Ni msitu."

"Arwa, dada yangu, huyo ni mtu. Amelala. Mwite aamke."

Kule nje Zahor alifumbua mdomo kumsaidia. Kisa alikuwa nacho chote, alikitunga yeye: mwanamke, mabati, mteja asiyekuja. Alikipekua kisa kile huku na huku akitafuta jina la mtu ndani yake, na hakukuwa na jina. Palipopaswa kuwa na jina palikuwa pamepita mkasi.

"Nilikuwa nalo," Arwa alisema. "Asubuhi nilikuwa nalo. Nikitazama kadi wanatokea watu wa mtaani kwetu, wanakaa mbele."

Bibi akazungumza, kwa upole, maneno mengi. Brightson akangoja amalize.

"Anasema anaona umesoma sana. Anasema yeye mwenyewe ameandika herufi hii maisha yake yote na hajawahi kumwona huyo mwanamke vizuri kama ulivyomwona wewe. Lakini kule kwake kuna wazee ambao hawana tena mtu wa kuwaita majina yao ila mtunzaji. Anauliza, baba yako anaitwa nani?"

"Zahor."

"Ukienda kumwamsha, utamwita kwa maana ya jina lake?"



"Maana ya jina lake siijui," Arwa alisema.

Matokeo yalisomwa mchana uleule, palepale ngazini. Bupe alichukuliwa. Alipiga kigelegele, halafu akaona uso wa Arwa, akakimeza nusu. Brightson alimfuata Zahor mpaka chini, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwakani, mzee wangu," alianza, kisha akakumbuka tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye fomu ya Arwa, akabaki ameshika mkono ule tu.

Baba na binti walitembea kwa miguu mpaka Tazara, wakashika barabara ya Mandela kuelekea Buguruni. Malori yaliwapita yamejaa saruji. Kanzu ya Zahor iliingia vumbi mpaka magotini.

"Yule bibi hakukutendea haki," alisema walipofika karibu na daraja.

"Alinitendea haki, Baba."

"Mtu anayejua maana ya kitu hawezi kuambiwa hajui."

"Hakusema sijui. Alisema siwezi kumwita mtu."

 Nyumbani Wahiba aliwaangalia mara moja akaenda kuteka maji ya kuoga, na siku ile, na iliyofuata, hakumtania mume wake hata kwa neno moja. Zahor aliona afadhali angetaniwa.

Bupe aliondoka baada ya miezi michache. Alikuja kuaga, akamletea Arwa kitenge, wakakumbatiana barazani kwa muda mrefu bila kusema. Mwamvita alikuja kusikiliza, akaondoka bila alichopata. Mwezi huohuo Arwa alitimiza thelathini. Hakuna aliyeitaja siku yenyewe. Alifungua duka saa moja, akafagia, akapanga makopo ya rangi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Ndipo Zahor akaenda Chang'ombe peke yake. Aliporudi alikuwa na karatasi mpya za Brightson, nzima, zenye safu zote tatu. Alizisoma dukani wateja wasipokuwepo, na wateja hawakuwepo muda mwingi. Aliyatamka matamshi yale kwa sauti ileile ya hitima, akiyavuta, akiyapandisha na kuyashusha, na yalikaa kichwani mwake kwa urahisi uliomtia uchungu, maana kichwa chake kilifundishwa kazi hiyo tangu utoto. Jioni moja, duka likiwa bado wazi, alivuta kigoda karibu na kaunta.

"Nimepata njia, mwanangu. Tunaanza upya. Safari hii sauti kwanza."

Arwa alikuwa akipima misumari ya inchi tatu kwenye mizani.

"Kwa ajili ya nini, Baba?"

"Kujua tu. Elimu haina mwisho."

"Ya kwako haina. Ya kwangu ilikuwa na tarehe."

Alisema bila hasira yoyote, na Zahor, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, alikosa pa kushika.

"Ukipenda nikueleze ilivyo," Arwa aliendelea, akiongeza misumari miwili kwenye mizani. "Nikipita nje namwona Albano kwenye mti, naona herufi. Naona mpapai wa watu, herufi. Mama akikaa jikoni, herufi. Nimejaribu kuzitoa, hazitoki. Ulifundisha vizuri sana, Baba. Wamejaa tele humu, mtaa mzima. Lakini hawasemi."

Mteja aliingia, fundi mmoja kijana, akauliza kama kuna bawaba za mlango mdogo. Arwa akaenda kumtafutia. Zahor alibaki na karatasi magotini, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake wala na mdomo wake, alirudi kwenye mstari aliouacha, akaanza kuusoma kwa ile sauti yake nzuri. Fundi aligeuka kumtazama.

"Baba," Arwa alisema kutoka kwenye rafu, mgongo umemgeukia. "Soma kimoyomoyo."

Zahor akasoma kimoyomoyo.